Jani la Springi

Harufu ya grisi kwa fundi springi inanirudisha kwenye siku gari letu lilipovuta boti ya baba kwenda Ziwa Babati. Nyuma lilikaa chini mpaka tela likakwaruza barabara. Mama, mwanamke mnene, alikuwa kwenye kiti cha nyuma na kapu la maandazi mapajani.

“Nishuke?” akauliza kwa aibu.

Baba akasogeza mizigo ya botini nyuma zaidi, ili ncha ya tela isilielemee gari.

“Wewe kaa, mama. Tutarekebisha gari.”

Jioni ile gari likaongezewa jani la springi, bamba la chuma la kuinua nyuma.

Leo fundi ameliinamia gari lile lile. “Nyuma limenyanyuka sana, kaka. Nitoe jani moja?”

Nikakitazama kiti cha nyuma, bado kimebonyea upande aliokuwa akikaa mama.

“Liache,” nikamwambia.