Neno Ambalo Mohei Hakulimaliza

Mohei alichomoa upanga ndani ya ngome ya mtawala, akamjeruhi karani aliyemtukania mkewe. Baada ya hapo kila mtu alijua mwisho wake ni kifo. Aliomba kitu kimoja tu, afe kwa mkono wake mwenyewe, kwa kujichoma kisu tumboni, kama watu wa upanga wanavyokufa, ili jina la nyumba yake lisifutwe. Akakubaliwa. Wa kusimama nyuma yake na kumkata shingo mara tu akijichoma, asiteseke, alimchagua mwenyewe: Denzaburo, mlinzi mwenzake wa lango la kaskazini, rafiki yake tangu utotoni.

"Usiwe na haraka, Denza," alimtania asubuhi ile. "Nakujua, wewe hata supu huingoji ipoe."

Denzaburo akacheka kwa shida. Uani, mbele ya mashahidi, alisimama nyuma ya Mohei, upanga mkononi. Aliogopa kukosea. Aliogopa kuchelewa, mwenzake akaumia. Mohei akanyoosha mkono kukifuata kisu, kisha akausimamisha. Akageuza uso kidogo, akafumbua mdomo.

Denzaburo akapiga.

Wakubwa wakamsifu: pigo moja, safi, la huruma. Akazipokea sifa ameinamisha kichwa.

Kesho yake akaenda kwa Otsune, mjane wa Mohei. Njia nzima alikuwa akitunga maneno mazuri ya kumpa.

"Shemeji, alisema nini?" Otsune aliuliza hata kabla hajaketi.

Yale maneno yakamkauka. "Alitaka kusema. Sikumpa nafasi."

"Kisu alikuwa ameshakishika?"

"Bado."

Otsune akatazama mikono yake mwenyewe. "Basi watasema aliogopa kujichoma."

"Nitawaambia aliyeogopa ni mimi."

"Ungenidanganya tu, shemeji. Ningeshukuru."

Denzaburo akaenda kweli, akawaambia wakubwa. Wakamvua kazi ya ulinzi. Tangu hapo alikula kwa kutengeneza miavuli ya karatasi, na kila mavuno alipeleka mchele mlangoni kwa Otsune. Mjane aliupokea, ila ndani hakumkaribisha. Na Denzaburo, akiwa anabandika karatasi, alijikuta akimmalizia Mohei sentensi yake, leo hivi, kesho vile. Hakuna hata moja iliyomtosha.

Uzeeni alipougua, Otsune alikuja na uji, akamlisha kijiko kwa kijiko. Hakusema amemsamehe, wala Denzaburo hakuuliza. Walizungumza habari za theluji, kwamba mwaka huo imewahi.