Raba Yangu na Mashini ya Sabeya

Trrr-tik, trrr-tik. Nikipita Kiamunyi bado nausikia ule mlio, mashini ikitema karatasi nyembamba kama utepe wa nywele. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, na shamba kubwa la settla, yule Mzungu mkulima, tulilonunua kwa ushirika lilikuwa linakatwa vipande. Mvua ilikuwa karibu. Mbegu za maharagwe Shosho, nyanya yangu, alikuwa nazo. Alichokosa ni vigingi vinne vya kumwonyesha pake ni wapi.

Sabeya, mpima ardhi, alikuja na kompyuta ndogo ya mkononi. Peke yake ilipiga hesabu tu. Ili iandike, aliipachika juu ya kisanduku cha kuchapa, vijino vya shaba vikagusana. Asubuhi majirani walipimiwa vizuri. Ilipofika zamu yetu, Shosho akamkaribisha kwanza mukimo na maziwa lala.

Sasa, kwetu kitu cha mgeni hakiachwi na vumbi. Sabeya akinawa mikono, Shosho aliichomoa ile kompyuta akaisugua mbele na nyuma kwa kitambaa cha mafuta, kile cha kung'arishia redio. Ikametameta kama kiatu cha bwana harusi.

Sabeya akaipachika. Kimya. Akaitoa, akairudisha. Kimya.

“Mama, bila karatasi ya vipimo sipigi kigingi. Ngoja nirudi mvua ikiisha.”

“Na haya maharagwe nipande wapi, kwa kofia yako?”

Alicheka, lakini akaenda kukunja minyororo yake ya kupimia.

Mimi kitambaa nilikiona. Ningesema, Shosho angeaibika mbele ya majirani wote. Nikatoa raba kwenye mkoba wa shule, nikaichomoa kompyuta, nikavisugua vile vijino pole pole, kama ninayefuta hesabu niliyokosa, mpaka weusi wa mafuta ukaisha. Nikairudisha mahali pake, nikamwomba ajaribu mara moja tu.

Ikaandika.

“Umefanya nini?” Sabeya akauliza.

“Nimefuta tu.”

Shosho aliwatangazia majirani kwamba mjukuu wake ni fundi. Hakujua kamwe kwamba kosa lilikuwa la kitambaa chake, na mimi sikumwambia.

Leo pale pamejaa maghorofa. Shosho hayuko, na kile kikaratasi alichotuachia Sabeya kimefifia hadi kikawa cheupe. Shule sikufika mbali, rafiki yangu, lakini nikipita pale natembea kama bosi.

Jioni ile ya kupimiwa, vigingi vikiwa vimeshapigwa na watu wakinywa chai, nilitoka peke yangu. Nilienda kigingi hadi kigingi nikivigusa vyote vinne, kisha nikachuchumaa katikati nikafukia haragwe moja.