Darubini Iliyosema Hakuna

Nilirudi Kisii kutoka vitani na koti zito la jeshi na ufundi mmoja ambao nyumbani hakuna aliyeuelewa: nilijua kusoma damu. Mama alipowaeleza majirani kazi niliyopata hospitalini, aliwaambia kwa Ekegusii kwamba mwanawe huchungulia damu za watu kupitia bomba la chuma, na kwamba kwa hilo hulipwa mshahara. Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, maana hakuwa amekosea.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanaume. Stima hatukuwa nayo. Mwanga wa jua uliingia dirishani, ukapiga kioo kidogo chini ya darubini, ukapanda hadi jichoni mwangu. Kando ya darubini kulikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, mashine ya kuzungusha damu kwa mkono na chupa za dawa za rangi. Vyote nilivipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Nilivipangusa kila asubuhi kabla sijanywa chai, na kila jioni niliirudisha darubini kwenye sanduku lake la mbao, nikaifunga kabisa ili vumbi lisiingie.

Mwaka wa pili wa kazi yangu mvua za masika zilikataa kuisha. Nguo zilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na viatu vilivyowekwa chini ya kitanda viliota ukungu. Halafu homa ikapanda milimani. Siku zote watu walisema malaria ni ugonjwa wa kule ziwani, kwamba huku kwetu kwenye baridi haifiki. Sasa walikuwa wakiletwa kwa machela kutoka Nyakoe, kutoka Sironga, hata kutoka vilele vya mbali, wakitetemeka mpaka meno yanagongana. Wodi zilijaa. Wagonjwa walilala wawili wawili kitandani, wengine chini kwenye mikeka.

Nilitoboa vidole, nikapaka tone la damu kwenye kioo, nikatia rangi, nikachungulia. Nilipoona vijidudu vya malaria niliandika "vipo". Nisipoviona niliandika "hakuna". Kwa majuma mawili niliandika "hakuna" karibu kwa kila mgonjwa.

Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita daktari, alikuwa Mzungu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwa imebaki kidogo, naye hakutaka kuimaliza kwa ugonjwa usio wake.

"Kama si malaria, ni nini hii?" aliniuliza akiwa ameshika karatasi zangu. "Homa ya matumbo?"

"Mimi naandika ninachokiona, Bwana Mganga."

"Basi endelea kuandika," alisema, akarudi wodini.

Siku iliyofuata nilishikwa mimi. Ilianza mgongoni, baridi kama maji ya kisima, kisha viungo vyote vikauma, kisha joto likapanda hadi masikioni. Ugonjwa huo niliujua. Ulikuwa umenilaza mara tatu vitani, na hatua zake nilizijua kama njia ya kwenda kwetu. Nilijikokota hadi maabara, nikatoboa kidole changu mwenyewe, nikatia rangi, nikaweka kioo chini ya darubini.

Hakuna.

Nilikaa kwenye stuli, jasho likinidondoka. Nilijiambia kwamba mwili wangu haudanganyi. Basi ni nani anayedanganya? Ndipo nilipokumbuka kwamba katika sanduku langu la jeshi nilikuwa na kioo cha mafunzo, chenye damu ya mgonjwa iliyojaa malaria kiasi kwamba hata kipofu angeviona vijidudu. Nilikuwa nimekitazama mara mia. Nilikimbia kukichukua, nikisahau kabisa kwamba ninaumwa, nikakiweka pale.

Niliona ukungu. Chembe za damu zilionekana kama vivuli vya watu nyuma ya pazia, na vijidudu havikuonekana hata kimoja.

Kwanza nilifurahi, maana nilikuwa nimemkamata mwongo. Kisha nikaogopa, maana yale maneno yote ya "hakuna" yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu. Kulikuwa na mzee wa Nyakoe ambaye tulikuwa tumemzika na neno hilo kwenye karatasi yake. Ningeweza kunyamaza. Nilichukua kile kioo, nikaenda moja kwa moja hadi wodini.

"Bwana Mganga, darubini imeharibika. Imekuwa ikisema uongo, na mimi nimekuwa nikiuandika."

Aliniwekea mkono kwenye paji la uso. "Wewe unaumwa."

"Naumwa malaria. Na darubini inasema siumwi."

Alielewa mara moja. Akashusha pumzi, akasema lazima ipelekwe Nairobi. Nikauliza itarudi lini. Alisema labda baada ya miezi mitatu.

"Kuna fundi wa saa hapa mjini," nilisema. "Nipe ruhusa tuifungue."

"Fundi wa saa! Na akiiharibu?"

"Imekwisha kuharibika, Bwana Mganga."

Alitazama mikeka iliyojaa sakafuni. "Ifungueni," alisema. "Lakini mbele ya macho yangu." Akanipa vidonge vya kwinini vya kwangu mwenyewe, nikavimeza hapo hapo.

Fundi huyo alikuwa mtu wa ziwani, muumini wa kanisa asiyekosa ibada, aliyetengeneza saa na cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi. Mimi sikujua lugha ya kwao na yeye hakujua ya kwetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, mimi cha jeshi, yeye cha sokoni. Nilipomweleza, aliacha saa ya watu ikiwa wazi mezani, akaifunika kwa bilauri.

"Omera, darubini sijawahi kuifungua," alisema, akiniita ndugu kwa lugha yake. Macho yalikuwa yakimng'aa. "Ina skrubu?"

"Inazo."

"Basi twende!"

Tulifika saa nne asubuhi, jua likiwa limejitokeza kati ya mvua mbili. Fundi aliomba shuka safi, akaitandaza juu ya meza na kuining'iniza hadi sakafuni, ili kitakachoanguka kisipotee. Akaomba karatasi, akaniambia nichore kila kipande kwa mpangilio wa kutoka kwake. Akabana kioo chake cha kukuzia kwenye jicho, akaizungusha lenzi yenye nguvu kuliko zote, ile inayogusa tone la mafuta juu ya kioo cha damu, mpaka ikatoka. Kisha akaipindua na kuitazama kwa nyuma.

Aliielekeza dirishani kwenye mwanga. Halafu akacheka kicheko kirefu.

"Njoo uone shamba," alisema.

Nilitazama. Ndani ya lenzi, upande ambao kitambaa changu hakikuwahi kufika, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui. Ukungu ule ule uliokula viatu vyetu ulikuwa umeota juu ya kioo.

"Kila jioni mnaiweka wapi?" aliuliza.

"Kwenye sanduku. Naifunga kabisa."

"Na unyevu wake ndani?"

Nililitazama lile sanduku. Bidii yangu yote ya kila jioni ndiyo iliyokuwa imelima shamba lile.

Alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungushia kibomba cha chuma kilichoishika lenzi, akakaza mkono. Hakikufunguka. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ghafla kikalegea, na ndani yake kukatoka pete nyembamba, kisha kioo kidogo sana, hakizidi ukubwa wa punje ya hindi. Bwana Mganga aliinama sana ili aone.

"Usipumue hapo!" fundi alifoka.

Nilidhani tumefukuzwa sote wawili. Mzungu akaziba mdomo kwa mkono wake, akarudi nyuma hatua moja kama mtoto aliyekemewa. Kisha akaenda kwenye kabati la vyombo vya upasuaji, akarudi na kibano chembamba, akauliza kwa upole, "Nikishike mimi?"

"Kishike. Usitetemeke."

Basi ikawa hivyo: daktari wa wilaya nzima ameshika kioo kwa kibano, fundi wa saa amekunja pamba kwenye ncha ya kijiti cha mwanzi, na mimi namwonya asikiloweshe kwa etha, ile dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji, kwa sababu lenzi nyingine huunganishwa kwa gundi ambayo etha huiyeyusha. Aliigusisha pamba kwenye etha, akaikung'uta, akapangusa kutoka katikati kwenda nje. Akatupa pamba. Akakunja nyingine. Nyuzi zikatoka moja baada ya nyingine. Nje kulikuwa na wauguzi na jamaa za wagonjwa waliojaa dirishani, na ilibidi niwaombe wasitukinge jua.

Tulirudisha kila kitu kwa kufuata mchoro wangu. Niliweka kioo cha mafunzo, nikatia tone la mafuta, nikashusha lenzi polepole.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Chembe za damu zilikuwa duara safi, na ndani yake, kama pete zenye kito, vijidudu vilijaa tele, vya rangi ya samawati na nukta nyekundu. Nilipiga kelele kwa lugha ya mama yangu, hata sijui nilisema nini. Fundi alinisukuma kando, akachungulia.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Ndivyo hivi vinavyotuua?"

Bwana Mganga naye alichungulia. Alipoinuka alisema, "Lete vioo vyote vya majuma mawili."

Nilikuwa nimevihifadhi. Tulivisoma mimi na yeye kwa zamu, fundi akitupangia. Vipo. Vipo. Vipo. Nilifuta "hakuna" zangu moja baada ya nyingine. Kioo cha yule mzee wa Nyakoe pia tulikisoma, na nacho nilikiandikia ukweli wake. Daktari aliniona nimesimamisha kalamu. "Andika," alisema. "Halafu tuwatibu walio hai." Kwinini ilianza kugawiwa kabla ya chakula cha mchana, na jioni hiyo gari lilikwenda Kisumu kuleta nyingine.

Siku chache baadaye wodi ilianza kupata nafasi. Mama mmoja wa Sironga aliyeletwa hajitambui alikaa kitandani na kuuliza kwa hasira ni nani anayemlishia kuku wake. Tulicheka wodi nzima.

Kuanzia hapo darubini haikufungiwa tena ikiwa na unyevu. Nilikausha makaa jikoni, nikayatia kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku ili yanyonye unyevu, na kila asubuhi nilikitazama kwanza kioo cha mafunzo kabla sijagusa damu ya mtu. Bwana Mganga naye akaniandikia barua nizunguke kwenye zahanati kukagua vifaa, akaomba fundi alipwe aende nami.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Nyamira, kwa baiskeli, tukisukuma kwenye kila mlima na kuachia breki kwenye kila mteremko huku tukipiga mayowe kama watoto. Mhudumu wa zahanati alitupokea kwa mashaka, akatuonyesha mashine ya kuzungusha iliyokuwa ikilia kama fisi. Fundi alimimina matone mawili ya mafuta ya cherehani, akakaza skrubu moja, na ile mashine ikazunguka bila sauti. Mhudumu aliizungusha, akaacha, akaizungusha tena, akicheka peke yake.

Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku la mbao lenye vumbi, kama lile la darubini yetu, kutoka chini ya kitanda.

"Na hii je? Ilikuja kabla yangu. Hakuna aliyewahi kuifungua."

Fundi alinitazama. Tukavua makoti.