Simu Zote Kwenye Sinia

Jamani, mwenzenu nimeumbuka ukweni Nguvumali. Binamu wa mke wangu alikuwa anaoa Maskati, nasi tumejaa sebuleni kuitazama ndoa kwenye runinga kupitia waifai ya nyumbani, lakini picha inagandaganda. Nikajitia fundi.

"Simu zenu ndizo zinazomaliza intaneti," niliwaambia akina mama, nikawazimisha zote na kuzipanga kwenye sinia.

Picha ikaganda palepale bwana harusi anapofungua kinywa kuitikia.

Shemeji akawasha yake, akaangalia vifaa vilivyounganishwa na waifai. Mbali na runinga na simu yake, kilibaki kimoja kilichoandikwa "Fundi Bingwa". Kilikuwa mfukoni mwangu, kinapakua filamu tangu nilipoingia.

Mama mkwe akanisogezea sinia taratibu.

"Na yako, mwanangu."