Ubavu wa Kushoto Kwanza

Chama cha Ukoo wa Ng'ombe wa Maziwa kimetangaza rasmi, na tangazo limebandikwa katika kila kituo cha kupokelea maziwa, kwamba tangu Daftari la Ukoo lifunguliwe halijapata kumwandika ng'ombe ambaye hayupo. Tangazo lina muhuri na sahihi ya mwenyekiti. Tunalirudia hapa kwa heshima zote, kabla ya kueleza habari za mtu aliyelitumikia Daftari hilo karibu maisha yake yote.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Bwana Ubavu, hata mkewe alipokuwa amekasirika. Ujanani alichora vibao vya vinyozi. Vichwa vyake vyote vilifanana, na vyote vilikuwa na huzuni, mpaka kinyozi mmoja akamwambia kwamba wateja wanadhani hapo ndani watu wananyolewa kwa ajili ya msiba. Chama kilipotafuta mtu wa kuchora ndama, alikwenda mbio. Ng'ombe hawana malalamiko kuhusu sura zao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe weusi kwa weupe hawafanani madoa, kama watu wasivyofanana alama za vidole. Hereni za plastiki hung'oka kwenye seng'enge, lakini doa haling'oki. Basi kila ndama wa ukoo alipozaliwa, mchoraji alifika na kadi iliyochapwa maumbo mawili ya ng'ombe, moja la ubavu wa kushoto na moja la ubavu wa kulia, akayajaza madoa kwa penseli. Nyuma ya kadi huandikwa mama, baba, na mababu wa pande zote mbili. Asiye na kadi anaweza kununua mtamba mnadani, akampandisha kwa dume ambaye ni baba yake mzazi, kisha akabaki kuwalaumu majirani kwa uchawi ndama akizaliwa na miguu iliyopinda. Kadi ni cheti cha kuzaliwa na cha ndoa kwa pamoja, na katika nyumba nyingi ilitunzwa vizuri kuliko vyeti vya wenye nyumba.

Bwana Ubavu alikuwa na mwendo mmoja tu. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Ubavu wa kushoto kwanza," kama anayefungua kikao. Kushoto, halafu kulia. Hakuwahi kuugeuza mpangilio huo, na mkono wake uliuzoea hivi kwamba ungeweza kufanya kazi bila yeye.

Siku moja ulifanya hivyo. Ilikuwa siku ya kumzika kaka yake, mfugaji mtulivu aliyekuwa amejenga kizazi cha ng'ombe wake polepole, mama baada ya mama. Asubuhi hiyo ng'ombe wake bora alizaa mtamba. Kanuni ilitaka ndama achorwe kabla hajachanganywa na wengine, na Bwana Ubavu alikuwa na kadi mfukoni, kwa kuwa alikuwa nayo siku zote. Aliwaacha waombolezaji uani akaingia bandani. Mkamuaji alikuwa amemfunga ndama, ubavu wake wa kulia ukielekea mlangoni kwenye mwanga. Nje watu walishaanza kusimama ili wainue jeneza. Hapakuwa na wakati wa kumgeuza. Kwa mara ya kwanza Bwana Ubavu akaanza na kulia. Ila mkono, ukijua kwamba kinachoanza ni kushoto, ukaujaza ubavu wa kulia katika umbo la kushoto. Kisha akazunguka upande wa pili, akamalizia vivyo hivyo. Akatia sahihi, akaenda kumzika kaka yake.

Ndama aliitwa Pazia, kwa sababu ya weusi mpana ulioteremka ubavuni mwake toka mgongoni hadi chini ya tumbo. Alikua, akazaa, akawa ng'ombe ambaye wafugaji walipita kumtazama kwa visingizio. Hakuna aliyeiona kasoro ya kadi. Karani wa maziwa alitazama ndoo. Mwenye ng'ombe, mjane wa marehemu, alitazama kiwele.

Miaka ikapita mpaka Pazia akazaa dume, na kituo cha mbegu, ambako madume bora hufugwa ili mbegu zao zigawiwe kwa wafugaji, kikaleta ujumbe kwamba kinamtaka. Kwa mjane yule hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mumewe kufika mwisho wake: kizazi chake kuenea katika mazizi ya watu. Na kwa dume mwenyewe hapakuwa na njia ya kati. Dume la maziwa lisilo na karatasi ni nyama. Mchinjaji wa mtaani alikuwa ameshapita mara mbili, akachungulia kwa adabu. "Mimi sina matata, mama," alisema. "Wao wanakagua ubavu, mimi nakagua mbavu."

Mkaguzi wa Chama alikuja na kadi ya Pazia, pamoja na Bwana Ubavu wa kumchora ndama. Alikuwa dada mpole, mwangalifu. Alimtoa Pazia nje, akatazama kadi, akatazama ng'ombe, akazunguka, akarudi alipoanzia. Kwenye kadi weusi ulikuwa kushoto. Uani ulikuwa kulia. Akasema kwa masikitiko kwamba ng'ombe huyu siye.

Mjane akamuuliza kama siye huyu, ni nani basi, maana amemnywesha kwa ndoo tangu siku ya msiba. Mkaguzi akajibu kwamba hilo Daftari haliwezi kujua. Linajua tu nani siye. Akaandika kwamba mfugaji ameleta ng'ombe mwingine badala ya aliyesajiliwa. Kwa lugha ya nyumbani, alimwita mwizi.

Bwana Ubavu alikuwa amesimama na penseli yake. Alikuwa ameshakumbuka mlango, mwanga na jeneza. Alimngoja mkaguzi aondoke, ndipo akamweleza shemeji yake yote.

Shemeji aliichukua ndoo ya kukamulia. "Kulia unalia kwa macho, shemeji," alisema. "Mkono si ungeuacha ufanye kazi yake?"

"Ndivyo nilivyofanya."

"Basi nenda kawaambie. Mimi uchovu naujua, njaa naijua. Wizi sijauzoea."

Alikwenda. Zilikuwa zimebaki wiki chache astaafu, na ofisini walishapanga sherehe. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, akafunga mlango.

"Bwana Ubavu, ukisema umekosea kadi moja, hizo elfu nyingine nitajuaje?"

"Hizo ziko sawa."

"Hata hii ulisema iko sawa. Uliitia sahihi."

Mwenyekiti akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba mazizi yote yanasimama juu ya mkono wake. Ukitikisika mkono, hakuna atakayejua ndama wake ni wa nani. Aende akapumzike. Bwana Ubavu alisema kwamba shemeji yake si mwizi. Mwenyekiti alikubali kwamba huenda si mwizi, na kwa hiyo Chama hakitamshitaki.

Uamuzi uliotoka ulikuwa mfupi. Kadi ni sahihi. Ng'ombe aliyeletwa hatambuliwi, wala uzao wake. Pazia aliyesajiliwa anahesabiwa kuwa hai, mahali alipo hapajulikani.

Mchinjaji alikuja siku ya Jumatatu na kamba yake mwenyewe. Mjane hakutoka nje. Bwana Ubavu ndiye aliyemfungua dume. Sherehe ya kustaafu ilifanyika Ijumaa ya wiki ile ile, na mwenyekiti alisema kwamba mkono huu haukuwahi kukosea. Watu walipiga makofi. Shemeji alikuwa amealikwa. Alituma salamu kwamba anakamua.

Alikuwa anakamua kweli. Karani wa maziwa, ambaye hukaa chumba kingine cha ofisi ile ile, hakuletewa habari yoyote, akaendelea kupima maziwa ya banda lile na kuyaandika kwa jina alilolikuta. Mwisho wa mwaka Chama kilichapisha orodha ya ng'ombe wake bora. Wa kwanza kwa maziwa ni Pazia. Mchoro wake umewekwa kando ya jina, na weusi uko ubavu wa kushoto.