Vidonge vya Kidevu Laini

"Unamtaka mumeo?"

Bi Zuhura, somo wangu aliyenifunda kabla ya harusi, aliniuliza hivyo nikiwa bado bibi harusi mpya. Nikamjibu nampenda.

"Sijakuuliza mapenzi, mwanangu. Mwili wako unamtaka?"

Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu, mbishi wa kila kitu. Swali hilo nililikimbia, nikaenda kuchemsha chai.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima, ila nilikuwa na ndevu. Zilianza chuoni, nyeusi na ngumu, na hedhi ikawa inaruka miezi. Wavulana waliniita Shehe. Nilicheka nao, kisha nikajifungia bafuni kunyoa. Lakini mwili ulikuwa na moto wake. Idrisa, mchumba wangu aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, akipiga hodi tu kwetu Temeke, nilimtamani kabla sijamwona.

Mama aliogopa watu watanicheka siku ya harusi. Nikiwa bado chuoni, akanipeleka kwa daktari aliyefungua kliniki yake Kinondoni, enzi hizo kliniki za binafsi zilipoanza kuota kila mtaa. Nilikwenda maabara kutolewa damu. Niliporudi, vidonge viko mkononi mwa Mama.

"Vinapunguza nguvu ya homoni za kiume," daktari alisema.

"Vina madhara gani?" nikauliza.

"Utakojoa sana."

Ndevu zilipungua. Matiti yakauma. Kisha, polepole, ile hamu ikazimika. Idrisa akinigusa, ni kama kanigusa kiwiko. Tulipooana nilikuwa mkavu; tendo liliniuma kama kidonda, nikiuma meno na kutazama dari.

"Umenichoka hata hujanizoea?" aliuliza.

Mama yake akadakia: "Msomi huyo. Mumewe kamwacha chuoni."

Kwetu, mke akiwa baridi hutafutwa jini mahaba, anayedaiwa kumwoa kabla ya mume. Sikuamini majini, lakini sikuwa na maelezo mengine. Wakaita mganga, wakanifunika shuka. Mama ndiye aliyeshika chetezo. Ubani ulinichoma koo. Mganga akaamuru jini ataje jina. Nikasema silijui. Akanichapa henzirani mgongoni, akachapa tena.

"Taja, mwanangu, yaishe!" Mama alilia.

Nikataja jina la kwanza lililonijia. Lilikuwa la mhadhiri wangu, na Idrisa, aliyekuwa mlangoni, alimfahamu.

Kesho yake aliniacha.

Bi Zuhura alisema jini limeshinda. Mie, nikilikumbuka swali lake, nikachukua vidonge vyangu kwa daktari mwingine, mwanamke. Alivitazama, akauliza, "Hamu je?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo ndani ya kliniki. Nililia hadi kamasi.

"Huna jini," alisema. "Ni hizi dawa. Wengine haziwafanyi hivi. Wewe zimekufanya."

Akanisimamishia. Miezi ikapita bila kitu. Asubuhi moja nikaamka nimemwota Idrisa, mwili wote umechachamaa. Alikuwa ameshaoa. Ndevu nazo zikarudi. Nazinyoa mpaka leo.

Namshukuru yule daktari mwanamke. Nawe dada, ukipewa dawa, uliza inakuondolea nini, na usitoke chumbani mazungumzo yakiendelea.

Maana miaka mingi baadaye, nikimpa Mama dawa zake za presha, aliniambia kilichosemwa nikiwa maabara. Daktari alimweleza wazi kwamba hamu ya mume inaweza kupotea.

"Nikamwambia afadhali," Mama alisema. "Mtoto wa kike yuko chuo, atulie mpaka aolewe."

Chetezo alikishika akijua.