Dua ya Mwasiti kwa Mtoto wa Zena

Mwasiti alilelewa na masista wa misheni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, baada ya kukombolewa utumwani angali mdogo. Alipoolewa Rumonge na Swedi, mkamuaji wa mawese, alisilimu na kufunga ushungi kama wenziwe, ila Kilatini cha masista hakikumtoka kinywani. Ukimpelekea ndagala, wale dagaa wa ziwani, hukujibu "Deo gratias," na hapo hakosei: ni kumshukuru Mungu. Wakati ule wa Mdachi, maneno ya kizungu yalikuwa na heshima yake, na wanawake wa mtaani walijivunia jirani yao.

Neno alilolipenda zaidi ni "Requiescat in pace." Masista walilitamka taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Hakuna aliyempa maana yake, naye hakuuliza. Kwake lilikuwa baraka.

Zena, aliyekwisha kuzika watoto wawili, alipojaliwa wa tatu, alimtaka Mwasiti amwombee siku ya arobaini. Mwasiti akampakata mtoto, akamwekea kiganja utosini, akasema kwa sauti, "Requiescat in pace." Vigelegele vikapigwa.

Katekista mmoja, Barnaba, alikuwa amesimama uani kuomba maji ya njiani. Akamwita Mwasiti kando.

"Mama, nani amekufa humu?"

"Hakuna. Namuombea mutoto."

"Hiyo ni dua ya maiti. Maana yake, apumzike kwa amani. Tunaisema kaburini."

Uso ukamwaka Mwasiti kama aliyemwagiwa uji wa moto. Hapo ndipo alipokumbuka: masista waliisema penye mashimo, walipowazika watoto wenzake waliokufa kwa malale.

Barnaba akaenda zake. Mwingine hakusikia, na Mwasiti angeweza kunyamaza. Alijifungia ndani. Kesho yake akaenda kwa Zena, akamweleza yote bila kuinua macho.

Zena alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Wawili nimezika, Mwasiti! Na huyu unamtamkia kaburi?"

"Sikujua, dada."

"Ulijifanya unajua."

Mwasiti akaondoka. Kwa miezi mingi alipita njia ya nyuma kwenda ziwani, asikutane na mtu.

Mtoto alipoanza kutambaa, Zena mwenyewe alikuja kubisha hodi, akamweka mapajani pa Mwasiti. "Mushike. Iko na nguvu huyu." Mwasiti akamshika. Hakuthubutu kumwombea chochote.